Mcheza kwao hutunzwa, muuguzi wetu je?

Jumapili kama ya leo, msomaji mpendwa, huenda baada ya chakula cha mchana ukashika njia kwenda kumjulia hali mgonjwa wako hospitalini. Utabeba chupa ya uji, machungwa mawili matatu na pengine shuka safi. Ukifika wadini utamtafuta nesi kwa macho, na usipomwona mara moja utaanza kunung'unika: "Hawa watu wameenda wapi? Kazi yao ni kunywa chai tu!"

Leo nataka tulijibu swali hilo kikweli. Wameenda wapi? Pengine nesi wa zamu hiyo yuko upande wa pili wa wadi akimshughulikia mgonjwa aliyezidiwa, na hana mwenzake wa kumwachia huku. Pengine yule uliyemzoea mwaka jana, aliyekuwa akimwita mamako kwa jina, sasa yuko Uingereza au Saudi Arabia. Mwingine ameacha kazi ya wadi na kujiunga na shirika ambako halali macho usiku. Na wapo wale ambao hawajaenda popote. Utawaona pale pale wamevaa sare, lakini mioyo yao iliondoka siku nyingi. Hao ndio wa kuhurumiwa zaidi, wao pamoja na mgonjwa aliye mbele yao.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Swali langu leo ni hili: wafanyakazi wa hospitali zetu wanachezea kwao, je, nani anawatunza?

Kumwajiri ni rahisi, kumweka ndiyo kazi

Tukizungumza kuhusu hospitali nchini humu, mazungumzo huwa ni ya majengo, mashine na dawa. Waheshimiwa hukata utepe, kamera zikawaka, na mashine mpya ikapigwa picha kutoka kila upande. Ni mara chache utasikia mtu akiuliza ni nani ataiendesha mashine hiyo saa tisa usiku, na kama mtu huyo atakuwa bado yuko hapo baada ya miaka mitano.

Hebu tuangalie hesabu kidogo. Mwaka wa 2006 watafiti wa uchumi wa afya walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kuhusu Kenya. Walikadiria kwamba kumsomesha muuguzi mmoja tangu shule ya msingi hadi amalize chuo kuligharimu dola 43,180 za Marekani, na daktari mmoja dola 65,997. Kisha wakapiga hesabu ya faida ambayo nchi ingeipata kutoka kwa mtu huyo maishani mwake kama angebaki. Muuguzi mmoja akiondoka, nchi ilipoteza dola 338,868. Daktari akiondoka, dola 517,931. Hesabu hizo ni za miaka hiyo, lakini funzo lake halijachakaa. Sisi ndio tunaolima, tunapalilia na kumwagilia maji, na siku ya mavuno anakuja mwenye kapu kutoka ng'ambo.

Usinielewe vibaya. Simlaumu kijana anayepanda ndege. Julai 2021 serikali yetu yenyewe ilitia saini mkataba na Uingereza wa kuwapeleka wahudumu wa afya huko kwa utaratibu maalum, na sababu moja ni kwamba kuna wauguzi waliohitimu na kusajiliwa ambao wanakaa nyumbani bila kazi. Hilo ndilo fumbo letu: wadi zinalia upungufu, nao waliosomea kazi wanauza mitumba, kwa kuwa fungu la mshahara halipo. Lakini hata yule aliyebahatika kupata kazi, tunamfanyia nini ili asitamani kuondoka?

Ni maisha yako yaliyo hatarini

Pengine utasema, "Hayo ni ya wakubwa na vyama vyao vya wafanyakazi, mimi yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Mwaka wa 2002 watafiti nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa hospitali 168 katika jimbo la Pennsylvania. Waliwafuatilia wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Waligundua kwamba kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja zaidi, uwezekano wa mgonjwa kufa katika muda wa siku 30 baada ya kulazwa uliongezeka kwa asilimia 7. Wauguzi nao, kwa kila mgonjwa huyo mmoja wa ziada, uwezekano wao wa kuchoshwa kabisa na kazi ulipanda kwa asilimia 23.

Sasa unganisha mambo hayo mawili. Mmoja akichoka na kuondoka, mzigo wake unagawiwa waliobaki. Waliobaki wanachoka upesi zaidi, na mwingine anaondoka. Ni kama kamba ya kuteka maji kisimani inayokatika uzi mmoja mmoja, na anayeninginia mwishoni mwa kamba hiyo ni mgonjwa wako.

Uchovu huu si ule wa kulala ukaamka mzima. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza dalili zake tatu katika orodha yake ya magonjwa na hali zinazohusu afya, ingawa halikuuita ugonjwa. Ya kwanza ni kuishiwa na nguvu. Ya pili ni moyo kujitenga na kazi, hata mtu akaichukia na kuisema vibaya. Ya tatu ni kuhisi kwamba lolote ufanyalo halifai kitu. Ukimkuta nesi anakujibu kwa mkato, huenda ni adabu mbaya, sikatai. Lakini huenda pia unaiona dalili ya pili ikitembea kwa miguu miwili.

Mshahara ni jambo, lakini si jambo pekee

Nianze na pesa, maana atakayewaambia wafanyakazi wasahau pesa wamwone mwongo. Migomo tumeishuhudia. Mwaka wa 1994 madaktari waligoma kwa miezi kadhaa. Desemba 2016 waligoma tena, wakarudi kazini Machi 2017 baada ya siku 100. Mwaka huo huo wa 2017 wauguzi wakakaa nje ya wadi kwa takriban miezi mitano. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya mambo makuu ilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi. Mkataba wa 2017 ulisema wapate takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa 70,000. Wahudumu walioajiriwa kwa kandarasi mwaka wa 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote nao walikaa miaka mingi wakililia masharti ya kudumu.

Ukiyasoma madai hayo vizuri utaona kwamba mengi hayakuwa ya kuomba utajiri. Yalikuwa ya ahadi iliyoandikwa ikatiwa saini, halafu ikatupwa kapuni. Mtu anaweza kuvumilia mshahara mdogo unaofika tarehe ile ile kila mwezi. Kinachomkata maini ni mshahara unaochelewa hadi mwenye nyumba anabisha mlango, na cheo alichostahili miaka sita iliyopita ambacho faili yake haionekani. Tangu huduma nyingi za afya zihamie kaunti mwaka wa 2013, malalamiko kama hayo yamekuwa wimbo.

Nyongeza ya mshahara husaidia, hilo limeonekana. Wenzetu wa Malawi walipokuwa wakipoteza wahudumu kwa kasi, mwaka wa 2004 walianzisha mpango wa dharura ambao ulikuwa na nyongeza ya asilimia 52 kwa kada zilizokuwa na upungufu mkubwa. Lakini hata wao hawakuishia hapo. Walipanua vyuo ili wapatikane wahudumu zaidi wa kugawana mzigo.

Kuna kisa kingine kinachofundisha. Mapema miaka ya 1980 Marekani ilikuwa na upungufu mkubwa wa wauguzi. Hata hivyo, zilikuwapo hospitali chache ambazo wauguzi walikuwa hawataki kuzihama. Chama kimoja cha wasomi wa uuguzi kilizichunguza hospitali 163 kikachagua 41 na kuziita hospitali za sumaku, kwa jinsi zilivyowavuta watu na kuwashika. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1983. Siri yao ilikuwa nini? Wakuu wa wauguzi walionekana wadini na walikuwa wakisikiliza. Wauguzi walishirikishwa katika maamuzi kuhusu kazi yao. Ratiba za zamu zilipangwa kwa kujali maisha ya mtu. Nafasi za kusoma zilikuwapo. Hakuna lolote hapo ambalo lazima liletwe kwa meli.

Miezi ile ya kwanza

Mchukue binti wa jirani yako aliyemaliza chuo juzi. Ameripoti kazini Jumatatu akiwa na viatu vipya vyeupe na moyo unaodunda. Katika hospitali isiyojali, ataonyeshwa kabati la dawa, ataambiwa choo kiko kule, na kufikia Alhamisi atapangwa zamu ya usiku peke yake na wadi nzima. Mgonjwa akifa mikononi mwake usiku huo, asubuhi ataulizwa maswali kama mshtakiwa, kisha aambiwe aende akalale, arudi jioni. Baada ya miezi sita ataanza kuulizia namna ya kufanya mitihani ya kwenda ng'ambo. Utamlaumu?

Katika hospitali inayojali, binti huyo anakabidhiwa kwa muuguzi mkongwe mmoja, mwenye jina na sura, ambaye kwa miezi ya mwanzo atatembea naye. Ndiye atakayemwonyesha jinsi ya kuupata mshipa wa mtoto uliojificha na jinsi ya kumpigia daktari simu usiku bila kutetemeka. Na akifiwa na mgonjwa, kuna mtu wa kumkalisha chini, ampe kikombe cha chai na kumwambia, "Hebu nieleze ilivyokuwa." Mazungumzo hayo ya robo saa huenda yakamweka kazini miaka ishirini.

Mkongwe huyo naye anastahili shukrani. Kufundisha ni kazi juu ya kazi, basi ihesabiwe. Apunguziwe wagonjwa siku anapofundisha, na jambo hilo liandikwe katika faili yake wakati wa kupandishwa cheo unapofika. Chanda chema huvikwa pete.

Aliyesoma apewe alichosomea

Muuguzi wa Kenya hana budi kuendelea kujifunza. Baraza la Wauguzi linadai hivyo kabla ya kumhuisha leseni. Chuo chetu cha mafunzo ya utabibu, ambacho historia yake ilianza mwaka wa 1927, kina kozi za ngazi ya juu ambako muuguzi anaweza kubobea katika uangalizi wa wagonjwa mahututi, magonjwa ya figo, chumba cha upasuaji na kadhalika. Nafasi zipo. Taabu ni kwamba wengi hujilipia wenyewe kwa mikopo ya chama cha ushirika, na wanaporudi wanakuta hakuna aliyejiandaa kuwapokea.

Malalamiko yasikikayo mara nyingi ni ya mtu aliyesomea mashine ya kusafisha damu, akarudi na cheti chake, kisha akapelekwa kliniki ya kuwadunga watoto chanjo. Si kwamba chanjo ni kazi duni, la hasha. Ni kwamba umemfua mtu panga likawa kali, ukalitumia kupakulia ugali. Siku hospitali nyingine itakapotangaza nafasi ya kitengo cha figo, usishangae kumwona kwenye foleni.

Wapo wanaoogopa kuwasomesha wafanyakazi, wakisema watasoma kisha waende zao. Lakini je, wasiposoma wakabaki, wewe mgonjwa utahudumiwa na nani? Dawa ya hofu hiyo inajulikana: mkataba wa haki, kwamba hospitali inakulipia ada, nawe utaitumikia kwa muda uliokubaliwa, katika kitengo ulichosomea, kwa cheo kinacholingana na cheti chako. Kila upande utimize lake.

Nesi naye ana watoto

Katika hospitali nyingi zamu ya usiku huanza jioni wakati wewe na mimi tunatoka kazini, na huisha jua likiwa limeshachomoza. Mama mwenye mtoto wa miezi mitano anapoingia zamu hiyo, maziwa yanamjaa kifuani na mtoto yuko Kayole na yaya. Wengi hawajui kwamba Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa faragha pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa, na inampa mama nafasi ya kufanya hivyo kwa muda usiozidi saa moja katika kila saa nane za kazi. Ni kichekesho cha kusikitisha kwamba nesi huyo hukesha akiwahimiza wazazi wapya kunyonyesha, ilhali yeye mwenyewe hukamua maziwa yake chooni.

Yapo mambo mengine madogo yasiyohitaji bajeti ya bunge. Ratiba ya zamu ibandikwe wiki nne mapema ili mtu ajue kama atahudhuria siku ya wazazi shuleni. Kuwe na chumba chenye kiti, birika na kabati la kufungia mkoba. Kuwe na gari la kuwafikisha nyumbani wanaomaliza zamu usiku, maana majambazi hawaulizi umevaa sare gani. Mtu akiomba likizo yake ya mwaka, apewe bila kuonekana kama ameomba figo ya mkubwa wake. Na mlinzi awepo mlangoni pa idara ya dharura, hasa siku za mwisho wa mwezi walevi wanapoletwa na majeraha yao.

Sisi jamaa wa wagonjwa

Sasa nigeuze macho huku kwetu, msomaji, kwa sababu kuna mwajiri na kuna sisi. Ni nani anayemtukana nesi mbele ya wagonjwa kwa sababu dawa haipo, wakati anajua kwamba si nesi anayeagiza dawa? Ni nani anayeingia wadini na watu wanane saa ambayo si ya kuona wagonjwa, kisha anazua vita anapoombwa atoke? Ni sisi.

Sheria hiyo hiyo ya 2017 inampa mhudumu haki ya kufanya kazi mahali salama. Inampa pia haki ya kukataa kumtibu mtu anayempiga, kumtusi au kumnyanyasa kimapenzi, isipokuwa kama ni dharura na hakuna mhudumu mwingine. Wengi wao hawaitumii haki hiyo. Wanameza matusi, wanafunga kidonda, wanaondoka zao. Lakini matusi hayayeyuki tumboni. Yanarundikana hadi siku moja mtu anasema, "Basi, imetosha."

Ukiwa na malalamiko ya kweli, na yapo, maana si kila nesi ni malaika, mwone mkuu wa wadi au andikia usimamizi, utaje siku na saa. Na ukihudumiwa vizuri, andika pia. Barua ya shukrani ya sentensi tatu, yenye jina la mhudumu, huwekwa kwenye faili na inaweza kumfaa siku ya mahojiano ya kupandishwa cheo.

Na wewe mwanafunzi

Najua wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mko kidato cha tatu na cha nne au vyuoni, na baadhi yenu mnafikiria kazi hii. Usikatishwe tamaa na niliyoyasema. Mwaka wa 2022 muuguzi wa Kenya kutoka Marsabit, Anna Qabale Duba, alishinda tuzo ya kimataifa ya wauguzi iliyotolewa Dubai, pamoja na dola 250,000. Alitambuliwa kwa kazi aliyoifanya katika jamii yake mwenyewe, ya elimu na ya kupiga vita mila zinazowadhuru wasichana. Naam, mtu anaweza kubaki nyumbani na dunia ikamwona.

Lakini siku yako ya mahojiano ya kazi, usiulize mshahara peke yake. Uliza ni nani atakayekuelekeza miezi ya kwanza. Uliza muuguzi mmoja huangalia wagonjwa wangapi usiku. Uliza ni wangapi walioondoka mwaka uliopita na kwa nini. Msimamizi akikujibu bila kuzungukazunguka, umeshajua mengi kuhusu mahali hapo. Akikasirika, umejua mengi zaidi.

Nanyi mnaokaa kwenye bodi za hospitali, mkiwa mmebahatika kuusoma ukurasa huu baada ya kanisa au kabla ya chakula, ombi langu ni moja. Mtu akiandika barua ya kuacha kazi, msiipige muhuri tu na kuitia faili. Mwiteni, mkae naye, mmuulize kinachomfukuza, na mnyamaze mumsikilize. Afadhali zaidi, waulizeni wale ambao bado hawajaandika barua hiyo. Kumuuliza mtu akiwa bado yupo ni bei nafuu kuliko kumtafuta mwingine akishaenda.

Basi mchana huu ukienda kumwona mgonjwa wako, ukamkuta nesi anapita mbio na trei mkononi, msalimie. Muulize jina lake. Halafu msogelee mgonjwa wako umpe uji wake, umwachie nesi njia apite.

Tukutane Jumapili ijayo, majaliwa.